Mzee wa Mizunguko Mia Moja

Hotuba ya katibu wa kwaya kwa niaba ya kamati, siku ya jubilei





Tumepewa dakika ishirini na onyo. Onyo limetoka kwa mwalimu wa kwaya, anayesema kwamba katibu akishika kipaza sauti husoma kumbukumbu za mikutano tangu mwanzo wa dunia. Leo hatusomi kumbukumbu. Historia ya kwaya mmeipata katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, pamoja na picha, zikiwemo zile za majoho ya rangi ya machungwa ambazo baadhi yenu mlituomba tusizichapishe. Tumezichapisha.

Lakini kuna jambo tulilokutana nalo tukitayarisha kurasa hizo, na hatukuweza kulipita. Tulitoa rejista zote za mazoezi kabatini, tukazipanga mezani na kuzifuata mwaka baada ya mwaka. Rejista ya mwanzo wa Machi 2020 ilikuwa imejaa. Kisha kurasa tupu, kama mnavyokumbuka, kwa sababu makanisa yalifungwa. Kisha rejista mpya, majina mapya, mwandiko mpya. Tulipolinganisha ile ya kabla na hii ya baadaye, tulipata majina saba ambayo hayakuonekana tena. Hao saba hawakufa. Hawakuhama. Wengine wao wamo humu ndani asubuhi hii, wameketi viti vya nyuma. Wote walikuwa wamepita umri wa miaka 58.

Tutarudi kwao. Kwanza tuwasimulie habari za mzee mmoja wa Uingereza. Mtasema, katibu amekwenda mbali, wazee wetu wenyewe tunao. Ni kweli. Lakini kuna mwana wa mtu mwingine ambaye ukimtazama unamwona wako.

Jina lake ni Thomas Moore, na dunia ilimjua kama Captain Tom. Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 katika mji wa Keighley, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa wajenzi na mama yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Sisi tulio walimu tunamtambua hapo mtoto wa nyumba isiyo na utani juu ya kazi za nyumbani. Akasoma, akaanza kujifunza uhandisi wa ujenzi, na vita vikaja. Mwaka 1940 aliitwa jeshini. Mwaka uliofuata alikuwa ofisa, na safari ikamchukua kwa meli mpaka India, wiki nyingi baharini. Alipenda pikipiki kuliko kitu chochote, na jeshi likaliona hilo: akapewa kazi ya kuwafundisha askari kuendesha pikipiki. Kutoka India kikosi chake kiliingia Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, katika eneo la Arakan lililo pwani. Huko alipigana, akaugua homa ya dengi, akapona.

Tungeomba tusimame Burma kidogo.

Jeshi alilokuwemo Tom liliitwa Jeshi la 14. Waingereza wenyewe walilipachika jina la Jeshi Lililosahauliwa, kwa kuwa magazeti ya kwao yalijaa habari za vita vya Ulaya na hakuna aliyeuliza habari za msitu. Katika jeshi hilohilo ilikuwemo divisheni nzima ya vijana wa Afrika Mashariki, Divisheni ya 11, King's African Rifles, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko. Mwaka 1944, katikati ya mvua kubwa, waliteremka Bonde la Kabaw kwa miguu, mahali penye tope na malaria, mpaka wakaufikia mto Chindwin. Hawakuwa upande mmoja na akina Tom. Wao walikuwa bondeni, yeye pwani. Lakini ni vita vilevile, mvua ileile, na jemadari yuleyule, Slim. Lugha iliyowaunganisha vijana hao ilikuwa Kiswahili. Kuna nyumba katika mtaa huu ambamo Kiswahili kiliingia kwanza ndani ya mkoba wa askari.

Wengi wenu mlikuwa na babu aliyekwenda Burma. Mnajua hadithi, au tuseme, mnajua ukimya, maana wengi hawakusimulia. Walirudi na koti, na medali kwa waliopewa. Malipo yao ya kuagwa yalikuwa madogo kuliko ya askari Wazungu, na baada ya vita ardhi ya nyanda za juu ilitengewa walowezi waliotoka jeshini wa rangi nyingine. Tunalisema hili kwa sauti ya kawaida, kwa sababu tunapomsifu Tom hatutaki mtu adhani tumesahau. Askari mzee mmoja alipigiwa saluti na dunia nzima. Askari wazee wengine walizikwa na majirani, na siku hiyo kwaya ya kanisa iliimba. Kwaya zetu ndizo zilizokuwa gwaride lao la heshima.

Tuendelee. Tom alirudi nyumbani mwaka 1945, akawa mkufunzi katika chuo cha vifaru, na mapema mwaka 1946 akaachiliwa na jeshi. Hapo ndipo maisha yake yakawa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo sisi tulimpenda zaidi. Aliingia kazi ya kuuza. Alikuwa meneja wa mauzo wa kampuni ya vifaa vya kuezekea nyumba. Kila mtu hapa anayekumbuka harambee ya mabati ya kanisa hili anajua muuzaji wa vifaa vya kuezekea ni mtu wa namna gani: ana daftari, ana maneno matamu, na ukisema utafikiria, anauliza utafikiria mpaka siku gani. Baadaye alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha bidhaa za zege katika mji unaoitwa March, jina kama la mwezi. Mwaka 1983 aliongoza kundi la mameneja wenzake wakakinunua kiwanda chenyewe, na kilipouzwa tena mwaka 1987 akastaafu, akiwa na miaka 67. Wikendi zake za ujana zilikwenda kwenye mashindano ya pikipiki.

Ndoa yake ya kwanza haikudumu. Ya pili, aliyofunga mwaka 1968 na Pamela, ilimpa mabinti wawili. Mungu akiwajalia wazazi kuzeeka pamoja, mmoja hutangulia kuchoka. Pamela alipata ugonjwa wa kusahau, akahamishiwa nyumba ya kulelea wagonjwa, na Tom akawa anakwenda kumtembelea kila siku. Hakumwona yeye peke yake. Aliwaona na wengine mle ndani wasiotembelewa na mtu. Pamela alifariki mwaka 2006, na mwaka uliofuata mzee akahamia kwa binti yake, kijiji cha Marston Moretaine, Bedfordshire.

Jambo moja zaidi kabla hatujafika bustanini, na hili limegusa moyo wa makatibu wa kwaya popote walipo. Kwa zaidi ya miaka 60, huyu mtu ndiye aliyeandaa mkutano wa kila mwaka wa wenzake wa kikosi. Yeye ndiye aliyekuwa na orodha na kuandika barua. Fikirieni orodha hiyo. Mwaka wa kwanza ni ndefu, barua zinagharimu stempu nyingi. Kila mwaka inapungua. Na bado mwenye orodha anaendelea kuandika kwa waliobaki. Tuliposoma hayo tukitazama rejista zetu mezani, hakuna aliyesema neno kwa muda.

Mwaka 2018 alianguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa na miaka 98. Katika umri huo, hata hapa kwetu, watu huanza kuulizana kimyakimya kama suti nyeusi iko safi. Madaktari na wauguzi wa hospitali za umma walimtibu, nyonga pamoja na saratani ya ngozi, naye akarudi nyumbani akitembea kwa kushikilia kiunzi chenye magurudumu. Deni hilo la shukrani alilibeba.

Kisha ikaja korona. Tarehe 6 Aprili 2020, wakati dunia yote imefungiwa ndani, Tom alitoka na kiunzi chake katika bustani ya nyumbani, njia yenye urefu wa mita 25, akaanza kwenda na kurudi. Shabaha: mizunguko mia moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa ya miaka mia moja, kumi kwa siku, na kukusanya pauni 1,000 za kuwasaidia wahudumu wa hospitali.

Pigeni hesabu. Mita 25 mara mia moja ni kilomita mbili na nusu. Kijana wa sauti ya tatu aliyekimbia kutoka stendi asubuhi hii kwa kuchelewa amekimbia karibu hivyo. Haikuwa safari. Lakini muuzaji wa miaka arobaini anajua kitu ambacho kamati nyingi za harambee hazijui: usimpe mtu lengo asiloweza kulishika mkononi. Hakuwaambia watu waokoe sekta ya afya. Aliwaambia, mimi ni mzee, nitatembea mzunguko mmoja kwa kila mwaka wangu, nitupieni kidogo. Mtoto wa chekechea anaelewa hapo.

Pauni elfu moja zilipatikana, zikapita. Akaonekana kwenye televisheni amevaa koti lake na medali zake. Mzunguko wa mia moja aliumaliza tarehe 16 Aprili, huku askari wa kikosi cha Yorkshire wakiwa wamesimama kando, wametengana kwa mita kadhaa kama ilivyotakiwa, wakimfanyia gwaride la heshima. Michango ilipofungwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 32, kutoka kwa watu zaidi ya milioni moja na nusu. Hatukuzigeuza kuwa shilingi. Mweka hazina alijaribu, kikokotoo cha simu kikamshinda.

Sasa tunafika kwenye muziki, na tunaomba vijana wa sauti ya tatu watulie, maana wimbo wenyewe wanaudai kuwa wao. Ni ule unaoitwa You'll Never Walk Alone. Mnaujua kwa sababu ya Liverpool. Lakini kabla ya mpira ulikuwa wimbo wa jukwaani, ulitungwa na Rodgers na Hammerstein kwa mchezo wa muziki wa Carousel, uliofunguliwa Marekani mwaka 1945, mwaka uleule ambao Tom alirudi kutoka Asia. Mwimbaji Michael Ball aliuimba kwa ajili yake, na siku iliyofuata mzunguko wa mia moja ukatolewa kama rekodi: sauti ya Ball, kwaya ya wahudumu wa afya, na sauti ya Tom mwenyewe. Tom hakuimba kama mnavyoimba ninyi. Aliyasema maneno, polepole, kwa pumzi ya mtu wa miaka 99.

Rekodi hiyo ilifika nambari moja katika chati za Uingereza. Mwimbaji The Weeknd, ambaye wimbo wake ulikuwa ukigombea nafasi hiyohiyo, aliwahimiza mashabiki wake wamuunge mkono mzee. Tom akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kushika nambari moja katika nchi ile, na siku alipotimiza miaka mia moja, wimbo ulikuwa bado huko juu. Hebu tulirudie hili kwa faida ya watu wa mitambo: hawakumwondoa sauti kwa sababu imekwaruza. Waliitafutia mahali pake ndani ya wimbo, wakaiacha isikike.

Siku hiyo ya kuzaliwa alipokea kadi zaidi ya laki moja na nusu. Zilipangwa sakafuni katika ukumbi wa shule aliyosoma mjukuu wake, maana nyumba haingezitosha. Ndege za zamani za kivita zikapita juu ya nyumba. Akapewa ukanali wa heshima. Julai, Malkia Elizabeth alitoka nje uwanjani katika kasri la Windsor, akampa cheo cha Sir kwa upanga wa baba yake, Mfalme George wa Sita. Mzee alipokea amesimama, ameshikilia kiunzi chake, na hakuna aliyemwambia apige magoti.

Alifariki tarehe 2 Februari 2021 hospitalini Bedford, akiwa na nimonia na ugonjwa uleule wa korona. Aliagwa na jamaa wachache tu, kama tulivyokuwa tukizikana sote wakati ule, na ndege ya Dakota ya enzi za vita ikapita juu.

Tungeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu. Lakini kamati ilikubaliana kwamba tusimulie yote, kwa kuwa mbele ya madhabahu kuna kapu la mchango wa jubilei na mmekwisha kuweka pesa ndani yake.

Jina la Tom lilipokuwa kubwa, ulianzishwa wakfu wenye jina hilo. Zile milioni za hospitali hazikupita huko. Zilikwenda kwa shirika la hisani la hospitali za umma, na hakuna aliyezilalamikia. Lakini wakfu wenyewe ulikuja kuchunguzwa na tume inayosimamia mashirika ya hisani nchini mwao. Uchunguzi ulianza mwaka 2022, na ripoti ikatoka Novemba 2024. Tume ilisema palikuwa na usimamizi mbaya uliorudiwarudiwa, na kwamba watu wa familia walinufaika. Walizuiwa kuwa wadhamini wa mashirika ya hisani kwa miaka kadhaa. Jengo lililojengwa kando ya nyumba kwa ruhusa iliyotumia jina la wakfu, kisha likawekewa bwawa la maji moto, lilibomolewa kwa amri ya halmashauri. Mzee alikuwa amekwisha kulala. Hakuwepo kusema ndiyo wala hapana.

Hatumhukumu mtu. Ila tulipokuwa tukizungumza habari hii katika kamati, mweka hazina wetu alinyamaza, kisha akaenda kuleta kitabu cha hesabu na kuuliza swali lililotuudhi: pesa za kanda tuliyorekodi miaka ile ziliandikwa wapi? Tulizitafuta jioni mbili. Tulipata risiti za studio na za nauli. Mauzo ya kanda zenyewe tulipata nusu tu yameandikwa. Hakuna anayesema ziliibwa. Hatukuandika, basi, na leo hatuwezi kuwaonyesha, hata kama tungetaka. Kwa hiyo hesabu ya mchango huu wa jubilei itabandikwa ubaoni kando ya mlango wa vestri kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, na kitabu kitakuwa wazi kwa mshirika yeyote. Ikipita Jumapili ya kwanza bila karatasi hiyo, msituulize kwa upole.

Sasa turudi kwa wale saba.

Julai 2020 serikali ilipofungua makanisa, mnakumbuka masharti: watu wasiozidi mia moja, ibada ya saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Sharti lilikuwa la kulinda maisha, na hatulilaumu. Tulisimama mlangoni na kipimajoto na chupa ya maji ya sabuni, na sisi, wana kwaya, ndio tuliowaambia wazazi wetu warudi nyumbani. Nyanya mmoja wa sauti ya pili alifika amevaa sare kamili, kola imepigwa pasi. Tulimwonyesha karatasi. Akasema, sawa watoto wangu, akageuka.

Sharti liliondolewa baadaye. Waliozidi miaka 58 walirudi kanisani. Kwenye kwaya hawakurudi. Na tumejiuliza kwa nini, maana hakuna mkutano uliopitisha azimio la kuwaondoa. Tumezipitia kumbukumbu zote, tunajua.

Hatukuwaondoa. Tuliwajazia nafasi. Tulinunua kinanda kipya, tukapandisha nyimbo ufunguo mmoja juu ili zichangamke. Tuliingia roshani, kule juu, kwa sababu sauti inashuka vizuri, na ngazi za roshani ni kumi na nne, bila pa kushika. Mazoezi tukayapeleka saa kumi na mbili jioni ili walio kazini wafike, saa ambayo mtu wa miaka sabini hapandi bodaboda. Taarifa zikahamia kwenye kundi la simu, na watatu kati ya wale saba wana simu za kubonyeza. Kila jambo katika hayo lilikuwa na sababu njema. Yakiwekwa pamoja, yamefunga mlango barabara kuliko ile karatasi ya 2020.

Wengine mtasema, hata tungewaita, sauti zimechoka. Tulisema hivyo wenyewe katika kamati, na mmoja wetu akasema kwa uwazi kwamba kwaya inayokwenda kwenye mashindano haiwezi kubeba besi inayotetemeka. Si hoja ya kudharauliwa. Majaji hawatoi alama za huruma. Lakini hii ni kwaya ya ibada kwanza, inayokwenda mashindanoni mara moja kwa mwaka. Na besi ile inayotetemeka ndiyo iliyotufundisha nyimbo kwa solfa ubaoni tulipokuwa hatuwezi kutofautisha do na fa.

Kwa hiyo kamati imeamua, na mwenyekiti ametuidhinisha kutangaza. Kuanzia Jumapili ijayo kwaya inashuka kutoka roshani. Tutaketi chini, upande wa kushoto wa madhabahu, viti vikiwa safu tatu, safu ya kwanza ikiwa na viti vyenye mikono. Vijana wa mitambo wamelalamika kuhusu nyaya, nasi tumewasikia. Nyaya mpya zimo katika bajeti ya jubilei. Mazoezi ya Jumamosi yatakuwa saa nane mchana. Wale walio kazini Jumamosi watakuwa na zoezi lao Alhamisi jioni kama kawaida. Gari la mshirika mmoja aliyejitolea litapita kuchukua wasioweza kutembea. Atakayekosa simu ya kisasa atapata barua, iliyoandikwa kwa mkono na kupelekwa nyumbani. Hiyo ni kazi ya katibu, na haihitaji bajeti.

Wiki mbili zilizopita tuliwatembelea wote saba. Wawili walisema hapana, kwa sababu za afya, na tuliomba pamoja nao. Wanne walisema ndiyo kabla hatujamaliza sentensi. Nyanya wa ile kola alitoka chumbani ameshika sare, haijaliwa na nondo hata kidogo; alisema alikuwa akiianika kila mwezi. Wa saba, mwalimu wetu wa solfa, alitunywesha chai, akatuuliza habari za watoto, habari za mvua, habari za kila kitu, mpaka tulipoinuka kuondoka ndipo akasema, wanangu, sauti yangu imeshuka, nitawaharibia.

Tulimpelekea mwalimu wa kwaya habari hiyo. Hakujibu kitu. Jumamosi iliyofuata alifika na karatasi mpya za wimbo utakaoimbwa sasa. Ameushusha ufunguo, kutoka F hadi D, na ameandika mstari wa besi upya mahali pawili.

Mzee ameketi pale, safu ya kwanza, kiti cha mwisho karibu na dirisha. Wanakwaya, tafadhali tusimame. Wasioweza kusimama waimbe wakiwa wameketi. Mwalimu, tupe noti.